Mume wa Mwalimu wa Udereva

Walikuwa na miezi minane ya ndoa, na katika miezi hiyo yote waligombana kweli kweli mara moja tu, nayo ilikuwa ndani ya gari.

Mke alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri, kwa sababu nusu ya walioshika usukani mjini pale walipitia mikononi mwake. Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, jeupe, lenye kibao cha L juu ya paa, na upande wa abiria kulikuwa na breki ya pili, breki ya mwalimu. Mpira wa breki hiyo ulikuwa umelika kuliko ule wa dereva.

Mume alikuwa fundi miwani. Kutwa alishinda katika kiduka chake akisaga lenzi, akinyoosha fremu zilizokaliwa na wenyewe, na kuwauliza wateja herufi ya mwisho ubaoni ni ipi. Mkewe alimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa. Macho yake yalikuwa mazima kama ya mwewe, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi.

"Mtu unaona mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye kioo," Mwalimu alimwambia siku ile, gari likiwa limeingiza pua ndani ya michongoma ya jirani, "halafu ua mzima huuoni?"

"Nimeuona. Ungeniacha ningeukwepa. Umekanyaga breki yako mara thelathini na moja, nimehesabu. Kwa nini unakanyaga?"

"Kwa sababu tunakufa."

"Hatufi. Nilikuwa nakata kona."

"Umekata kona ambayo haipo!"

Kisha Mwalimu akafumba macho, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake laini ya kazini: "Haya. Tutulie, mwanafunzi wangu. Tuanze upya." Hiyo sauti ndiyo iliyoharibu kila kitu. Miwani angevumilia matusi, lakini kuitwa mwanafunzi na mke aliyemwoa mwenyewe, hapana. Alishuka, akatembea hadi nyumbani na miiba kwenye mkono wa shati.

Siku mbili walizungumza na vyombo. "Sijui chumvi imekwenda wapi," Miwani aliiambia sufuria. "Chumvi ipo palepale ilipo siku zote," Mwalimu aliliambia dirisha. Siku ya tatu Miwani aliingia bafuni akakuta mkewe ameshika kibanio cha nyusi, anajaribu kuchomoa miiba kwenye shati lake huku anacheka peke yake hadi machozi. Naye akacheka. Wakaketi ukingoni mwa hodhi la kuogea, wakapeana mkono kama wafanyabiashara: Mwalimu hatamfundisha tena mumewe gari, na mume hataomba kufundishwa. Amani ikarudi.

Miwani asingeligusa tena jambo hilo kama si ule mguu.

Kila Jumapili walikwenda kumtembelea mama yake Mwalimu, mwendo wa saa nzima, na dereva alikuwa Mwalimu. Jumapili moja, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu, Miwani alimwona mkewe akiinama na kuukanda muundi wa mguu wa kulia, taratibu, uso umekunjamana. Siku sita alikuwa amekaa kando ya watu wasiojua gia ya kwanza na ya tatu, mguu juu ya breki, roho mkononi. Siku ya saba, ambayo ingekuwa ya kupumzika, alikuwa anamwendesha mumewe.

"Unauma?" Miwani aliuliza.

"Nini? Ah, si kitu." Taa ikawa kijani, akaondoa gari.

Si kitu! Njia nzima Miwani aliutazama mguu ule. Moyoni alijiapiza kwamba siku moja huyu mwanamke atakaa kiti cha abiria kisicho na breki, aegemeze kichwa dirishani, apitiwe na usingizi, na mtu wa kumfikisha atakuwa yeye.

Ila nani wa kumfundisha? Aliyebaki alikuwa Mzee Taratibu.

Mzee Taratibu aliendesha malori kwa miaka thelathini kabla hajafungua shule ya udereva upande wa pili wa mji. Alikuwa na gari moja la buluu lililochoka, mkebe wa karanga mapajani, na falsafa isiyozidi neno moja. Mwanafunzi akikaribia ukuta, Mzee alisema, "Taratibu." Akikaribia ukuta zaidi, Mzee alitafuna karanga, akasema tena, "Taratibu." Mwalimu hakuwa akimpenda hata kidogo. Kila jina lake lilipotajwa mezani alibenua mdomo: "Yule? Yule hafundishi, anasindikiza tu."

Kwa hiyo ilibidi iwe siri. Na kwa kuwa masomo yalikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Miwani hajafungua duka, ilibidi pia upatikane uongo.

"Nimeamua kuanza mazoezi," alisema asubuhi moja, akiwa amevaa kaptura. "Nitakuwa nakimbia."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyeomba tupumzike tulipopanda ngazi za benki?"

"Ndiyo maana naanza."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kisha uso wote ukachanua. Alinyanyuka akamkumbatia. "Nimefurahi mno, mume wangu," akasema. Miwani alijisikia kama mwizi aliyeshikwa akashukuriwa.

Wiki sita zilipita hivyo. Alitoka nyumbani kwa miguu akiruka-ruka, akigeuza kona tu anatembea kama watu wengine hadi kituo cha basi. Akimaliza somo alisimama kwenye bomba la bustani ya umma karibu na nyumbani, akajimwagia maji kichwani na kifuani, akaingia ndani akihema. Katika somo la tatu Mzee Taratibu alimuuliza mkewe anafanya kazi gani. Miwani alipomwambia, yule mzee alicheka hadi karanga zikamwagika zote kwenye sakafu ya gari, na katika wiki zote sita hilo ndilo lilikuwa jambo pekee ambalo halikufanywa taratibu.

Lakini kufundisha, alifundisha. Au tuseme aliacha mtu ajifundishe. Pasipo mtu wa kumkanyagia breki, Miwani ilimbidi aikanyage mwenyewe. Wiki ya pili akaacha kugonga matofali. Wiki ya nne aligundua kwamba kurudi nyuma kati ya nguzo mbili hakutofautiani sana na kuingiza lenzi kwenye fremu: unatazama ukingo mmoja, unauamini mwingine. Kuanzia hapo alikuwa anaegesha gari kama mtu anayerudisha droo mahali pake.

Nyumbani nako uongo ulikuwa unanenepa. Kwanza Mwalimu alimletea raba mpya za kukimbilia, za rangi ya machungwa. Kisha akampigia mama yake, akamsifu mumewe kwa sauti kubwa huku Miwani anaosha vyombo na masikio yanamwaka moto. Halafu, Alhamisi moja, akarudi nyumbani amekunja mkono mgongoni, anatabasamu.

"Funga macho."

Alipoyafungua aliona kitambaa cheupe chenye namba 214.

"Maktaba ya watoto imeandaa mbio," Mwalimu alisema. "Kilomita tano, Jumamosi hii saa moja asubuhi. Nimekuandikisha! Wiki sita unakimbia peke yako kama kichaa, hakuna hata wa kukupigia makofi. Nitakuja kukupigia mimi."

Jumamosi hii! Jumamosi hii saa tatu, Miwani alikuwa na mtihani wa leseni.

"Umefurahi?"

"Sana," alisema. "Sijui hata niseme nini." Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, alikuwa amesema kweli.

Angeweza kukiri palepale. Mdomo aliufungua. Lakini Mwalimu alikuwa tayari amechukua pini, anakipima kile kitambaa kifuani pake, ncha ya ulimi imetoka kidogo kama kawaida yake akiwa makini, na Miwani akaufunga mdomo. Mbio zikianza saa moja, alijihesabia, mtu wa kawaida anamaliza saa moja na nusu. Wanafunzi wa Mwalimu mtihani wao ni Jumanne. Atamaliza, atasema anakwenda kufungua duka, atakwenda kwenye mtihani. Haikuwa mipango mibaya. Shida ni kwamba Miwani hakuwa mtu wa kawaida.

Jumamosi ilipofika, mita mia tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Baada ya hapo mapafu yakaanza kumdai ufafanuzi. Akapitwa na vijana, akapitwa na kina mama wawili waliokuwa wanasimuliana habari za kitchen pati bila hata kuhema, akapitwa na mtu aliyevaa vazi la kitabu kikubwa cha karatasi ngumu. Kwenye kilomita ya tatu alisimama, akashika magoti, akaitazama lami kwa mapenzi. Ingekuwa rahisi kulala pale. Lakini mbele, kwenye utepe wa mwisho, kulikuwa na mtu aliyekuja kumpigia makofi, na Miwani alipofikiria hivyo akajikuta anakimbia tena, kama kile kinaweza kuitwa kukimbia.

Alifika saa mbili kasoro dakika tano. Wasimamizi wa mbio walikuwa wanakunja meza. Mwalimu hakuwapo. Alichokikuta ni ujumbe kwenye simu: "Samahani mpenzi, kazini wamenipigia, nimetoka mbio. Najua umeng'ara!"

Afadhali, Miwani alijiambia, akaenda kudandia basi. Hakujiuliza kazini kumetokea nini.

Kilichotokea ni kwamba mkaguzi alikuwa amesogeza mitihani ya Jumanne ikawa Jumamosi.

Uwanja wa mtihani ulikuwa kiwanja cha zege chenye nguzo za kuegeshea upande mmoja na kimlima cha kupimia klachi upande mwingine. Mkaguzi alikuwa mama mmoja asiyecheka, ana ubao wa kuandikia aliouegemeza kifuani. Mzee Taratibu alimtazama Miwani akishuka basi, akatazama raba za machungwa, akatazama ile namba, akatoa karanga mdomoni.

"Umekuja kwa miguu?"

"Nusu," Miwani alijibu.

Jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake. Akaketi, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, na ndani ya kioo hicho akaona gari dogo jeupe lenye kibao cha L, na mbele ya gari hilo wanafunzi watatu wamejipanga, na mbele ya wanafunzi, mkewe.

Mwalimu alikuwa hajamwona bado. Aliona tu gari la buluu la Mzee Taratibu, akabenua mdomo kama ada. Ndipo macho yake yakashuka kutoka kwenye paa hadi dirishani, kwenye kitambaa cheupe alichokibandika kwa mikono yake asubuhi ile.

"Anza," mkaguzi alisema.

Kukimbia hakukuwezekana, miguu isingekubali. Miwani alitia gia, akaenda. Upande wa nguzo, akaingiza gari kinyumenyume kwa mkupuo mmoja, nafasi kushoto sawa na nafasi kulia. Huko kando, wanafunzi wa Mwalimu walishuhudia kitu ambacho walikisimulia mwezi mzima: mwalimu wao, aliyewakataza hofu, amesimama juu ya zege, ameziba mdomo kwa viganja viwili, na mguu wa kulia unakanyaga chini, pa, pa, pa, kama anayeua siafu.

Ukaja mlima. Unatakiwa usimame katikati, kisha uondoke bila kurudi nyuma. Miwani alisimama vizuri. Tatizo likawa kuondoka. Mguu wa kushoto, uliokimbia kilomita tano bila kuzoezwa hata moja, ulianza kutetemeka juu ya klachi. Ukatetemeka wa kulia. Gari nalo likatetemeka, likapiga chafya mara tatu, likazima, likarudi nyuma hatua mbili.

Mkaguzi aliandika. "Una ugonjwa wa miguu?" aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa kwenye mbio."

"Mbio zipi siku ya mtihani?"

"Ni habari ndefu, mama."

"Nguzo, vizuri mno. Mlima, umeshindwa. Rudi baada ya wiki mbili. Na uje umepumzika."

Alipofungua mlango, Mwalimu alikuwa tayari amesimama hapo, mikono kiunoni. Mzee Taratibu alitazama angani.

"Kwa huyu!" Mwalimu alisema. "Wanaume wengine wanawatoroka wake zao kwenda kwa wanawake. Wewe umenitoroka kwenda kwa Mzee Taratibu!"

"Shikamoo nimeipata, binti yangu," alisema Mzee.

"Shikamoo, mzee. Samahani." Akamgeukia tena mumewe, na sauti ikashuka. "Wiki sita. Zile asubuhi zote. Nami natembea mjini najisifu mume wangu anakimbia. Umenifanya mjinga, Miwani. Ulikuwa unaogopa nini? Mimi ni mwalimu mbaya kiasi hicho?"

Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Miwani akaona kwamba haikuwa hasira, yalikuwa maumivu. Alitaka kusimama lakini magoti yalikataa. Akaongea akiwa amekaa vilevile, miguu nje ya gari.

"Wewe ni mwalimu mzuri kuliko wote. Ila ukiwa mwalimu wangu, siku nitakayokuendesha utakuwa bado upo kazini. Na mimi sitaki uwe kazini. Nilikuona unakanda mguu kwenye taa. Nikauliza, ukasema si kitu. Nikataka Jumapili moja tu ukae upande ule, hakuna breki, hakuna mwanafunzi, ulale ukitaka. Basi. Sikuwa na kingine."

Mwalimu alitazama mguu wake wa kulia kana kwamba ndiyo kwanza anaufahamu. Kisha akatazama raba za machungwa.

"Leo umekimbia kweli?" aliuliza.

"Zote tano."

"Bila mazoezi hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Umeshika nafasi ya ngapi?"

"Kuna mtu alivaa kitabu. Nyuma yake."

Mwalimu alijaribu kuzuia kicheko, kikamponyoka puani. Akapiga magoti kwenye zege, mbele ya mkaguzi, wanafunzi na Mzee Taratibu, akaanza kuukanda muundi wa mumewe. "Mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa. Na ile rivasi! Nani kakufundisha rivasi ile?"

"Mimi," alisema Mzee.

"Na mlima?"

Mzee akakohoa. "Mlima nilikuwa nimeupangia wiki ijayo."

Basi katika wiki mbili zile gari la buluu lilibeba watu watatu. Mzee Taratibu alikaa mbele na karanga zake. Mwalimu aliruhusiwa nyuma kwa masharti mawili: asiguse kitu, na asitumie sauti ya kazini. Alikalia viganja vyake. Siku ya kwanza alipasua mfuko wa kiti kwa goti. Siku ya nne alimwinamia mumewe sikioni pale kimlimani, akasema, "Usiitazame klachi, isikilize. Injini ikibadilisha sauti, achia breki," na gari likapanda kama limevutwa kwa kamba. Mzee Taratibu aligeuka, akamnyooshea mkebe wa karanga. Hakuwa amewahi kumpa mtu.

Miwani alifaulu. Mkaguzi hakucheka, ila aliposikia kazi yake alimshika mkono na kumuuliza kama anaweza kumlegezea fremu ya miwani inayombana masikioni.

Jumapili iliyofuata Mwalimu aliketi upande wa abiria wa gari la kuazima, akajifunga mkanda, akaweka miguu chini kwa adabu. Dakika kumi za mwanzo alikuwa macho makavu, anataja kila kitu: baiskeli ile, mzee yule, shimo. Dakika ya kumi na tano aliacha katikati ya neno. Miwani akachungulia: kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, mguu wa kulia umenyooka umetulia tuli. Aliendesha njia yote iliyobaki pasipo kuwasha redio, akikwepa hata majani makavu barabarani.

Mwalimu aliamka gari liliposimama mbele ya nyumba ya mama yake. "Tumefika?" aliuliza, akijifuta shavu. "Nimelala?"

"Umekoroma."

"Mwongo."

Mama alikuwa ameshatoka mlangoni. Alimwona mkwewe akishuka upande wa dereva, akasimama, akapiga kofi moja la mshangao.

"Mkwe wangu! Kumbe unaendesha?"

"Naendesha, mama," Miwani alisema, kifua mbele.

"Usifunge mlango, baba. Umekuja wakati wenyewe." Akageukia ndani ya nyumba na kupaza sauti: "Jamani tokeni, usafiri umepatikana!"

Wakatoka mama watatu, rafiki zake wa kwaya, wenye mikoba na vitabu vya nyimbo, wamechelewa mazoezi. Mwalimu alishuka kuwapisha kabla hajaombwa, akambusu mumewe shavuni kupitia dirishani, na akaenda kukaa barazani na miguu juu ya stuli. Mama mkwe akapanda mbele. Watatu wakajibana nyuma.

"Pita kushoto," alisema wa kwanza.

"Kushoto wapi, kulia ndiko karibu," alisema wa pili.

"Mwacheni mtoto aendeshe," alisema wa tatu. "Lakini baba, mbona unakwenda taratibu hivi?"